Damu za Alasiri

Ile karatasi iliyobandikwa ukutani, kushoto kwa friji ya vitendanishi, zile dawa za kupimia, ni ya pili. Ya kwanza niliiandika mimi peke yangu, nikaipigia mistari kwa rula na kalamu ya rangi mbili, na nikaja kuichana kwa mikono yangu mwenyewe. Ninyi vijana mliobaki maabara mmeniuliza kisa chake mara nyingi, na kila mara nilijifanya nina sampuli inayonisubiri kwenye mashine. Sasa nimestaafu. Sina sampuli, sina mashine, na mguu wangu wa kulia uko juu ya stuli, kwa hiyo hata kukimbia siwezi.

Nilifika Kibiti na cheti kipya, suruali iliyonyooka kwa pasi, na imani kwamba kabla ya mwaka kwisha nitagundua kitu. Nilipokelewa na Bi Siwema, mkubwa wa maabara, Mndengereko wa kule mtoni, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nikamwamkia. Akaitika, akaitazama ile suruali, akanikabidhi beseni la vioo vya hadubini. "Osha," akasema. Niliosha vioo wiki tatu. Nikamwandikia mama yangu kwamba niko kwenye utafiti.

Wiki ya nne niliruhusiwa kutoa damu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mbeba mizigo wa stendi, mtu mwenye mishipa ambayo hata mpita njia angeiona, nami nikamchoma mara nne bila kupata tone. Akaniambia kwa upole, "Dokta, kama hujui mshipa ulipo, uliza tu." Bi Siwema akaja, akamfunga mkono kwa mpira, maana siku zile tulikata mpira wa ndani wa baiskeli, akapapasa kwa ncha ya kidole, akachoma mara moja.

"Wewe unatafuta kwa macho," akaniambia yule bwana alipotoka. "Tafuta kwa kidole. Na ukikwama, muulize mwenye mkono."

Somo hilo nalikabidhi kwenu bila malipo. Mimi lilinichukua miaka kulielewa, na hata hapo nilielewa nusu.

Miaka ikapita, nikajua kazi, au nikajua kiasi cha kuanza kujisifu. Mashine ya kuzungusha damu kwa mkono ikaondoka, ikaja ya umeme. Ikaja na mashine ya kusoma rangi, na pamoja nayo vitendanishi vya kupima asidi ya yuriki. Kwa msomaji asiye wa maabara: hiyo ni taka ya mwilini. Damu huibeba hadi kwenye figo, ikatoka na mkojo. Ikizidi, huganda chembechembe kwenye viungo, hasa kidole gumba cha mguu, na mtu akapata gauti. Aliyewahi kuipata atakwambia hata shuka ikigusa kidole anaona kama kimewekewa kaa la moto. Mimi nilikuwa nasikia hayo na kudhani watu wanatia chumvi.

Ndani ya boksi la vitendanishi mlikuwa na kikaratasi kinachosema kiwango cha kawaida kinaanzia hapa na kuishia hapa. Kawaida ya nani, hakikusema. Ilikuwa ya watu wa nchi zilikotoka hizo dawa, watu ambao hawajawahi kula kamba wa delta asubuhi, mchana na jioni. Tukaanza kupima, na kila mvuvi aliyekuja kwa homa akasoma juu ya kiwango hicho.

Daktari Tumaini, kijana kutoka bara aliyekuwa ameletwa mwaka huo, akanijia na mafaili kifuani. "Bwana Shabani, watu wote wa delta wana gauti?"

"Hawana, daktari. Wanacheza ngoma mpaka asubuhi."

"Basi kikaratasi chako hakiwajui. Tutafutie kiwango cha watu wa hapa."

Nilitoka ofisini kwake nimevimba kichwa. Huu ndio ugunduzi niliokuwa naungoja tangu siku za beseni. Nikanunua kaunta buku jipya, nikalivalisha gazeti, nikaandika juu yake kwa herufi za kuchapa.

Kazi yenyewe, ukiisikia, ni nyepesi. Unatafuta watu wengi wasio na maradhi, unawatoa damu, unapima, unaangalia wengi wao wanaangukia wapi. Ugumu ni kumpata asiye na maradhi. Huku kwetu ukimuuliza mtu hali yake, atakujibu hajambo, huku amejiegemeza kwenye gongo. Inabidi uulize zaidi: una presha, unakunywa dawa gani, mkojo unatoka vizuri, unakunywa pombe. Hilo la mwisho uliulize kwa sauti ndogo. Nilianzia delta. Nilishuka kwenye boti kwa madaha, boksi la barafu begani, na tope la mikoko likanimeza mpaka magotini. Nilitoka bila kiatu cha kushoto. Niliwahoji watu wa kijiji kizima nikiwa na kiatu kimoja, na hakuna aliyecheka mbele yangu, jambo lililoniuma kuliko kama wangecheka. Damu zenyewe nilirudi nazo chache mno. Kamba walionipa nilirudi nao ndoo nzima.

Hapo ndipo nikapata wazo ninaloliandika sasa kwa aibu. Damu ya kazi hii huchukuliwa mtu akiwa hajala, na kuwaambia watu waje bila kula ni mtihani. Mmoja atasahau, mwingine atakwambia chai si chakula. Na Ramadhani ilikuwa inaingia wiki inayofuata. Watu wote watakuwa wamefunga, kwa hiari yao, bila mimi kumwambia mtu neno. Nikajiona nina akili kuliko wote waliowahi kushika sindano mkoani.

Bi Siwema alikuwa anaazimwa Ikwiriri kwa miezi michache, maabara ya kule ilikuwa imekosa mtu. Nilimsindikiza stendi, nikamweleza mpango wangu akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Subiri Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita," akasema.

"Kwa nini, mama?"

Kondakta akapiga bodi, basi likaondoka. Ninyi mngempigia simu. Mimi sikupiga, kwa sababu nilidhani nimeshaelewa: mama wa watu anahofia saumu zisije zikabatilika. Basi nikaenda kwa shehe wa msikiti wa Ijumaa, nikamuuliza kama kutolewa damu kunafunguza. Akanijibu kwamba damu kidogo haiharibu funga, ila mtu asidhoofishwe. Ijumaa ile akawatangazia watu, akawaambia kuwasaidia waja wa Mungu ni jambo jema, zaidi katika mwezi kama ule. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilikuwa nimelitatua vizuri sana tatizo ambalo halikuwepo.

Watu walikuja kwa wingi. Asubuhi walikuwa mashambani, kwa hiyo walikuja baada ya swala ya alasiri, midomo imekauka, majembe wameyaegemeza ukutani kwa nje. Ili wasiogope, mimi nilikaa kwenye kiti kwanza, nikakunja mkono wa shati mbele yao wote, nikatolewa damu na nesi. Nikafungua ukurasa mpya, nikajiandika namba moja. Kisha nikawaandika wao, siku baada ya siku, mpaka karibu na futari, wanaume kwa wanawake kwenye ukurasa mmoja kama wako kwenye foleni ya sukari.

Nilipomaliza kupima, nikachukua jibu la chini kuliko yote nikaliita mwanzo wa kawaida, na la juu kuliko yote nikaliita mwisho. La juu kuliko yote lilikuwa la namba moja. Niliduwaa kidogo. Kisha nikajiambia, ikiwa mtu mwenye afya kama mimi anasoma hivi, basi hivi ndivyo afya inavyosoma. Nikapiga mstari mwekundu hapo, nikabandika karatasi ukutani. Daktari Tumaini akanipa mkono. Nilitembea wiki nzima nikijiona mtu mkubwa.

Msimu wa ufuta ukafika. Asubuhi moja bodaboda akasimama nje ya hospitali na kumshusha baba mkwe wangu, Mzee Mbonde wa Mbwara, Mmatumbi mrefu ambaye sikuwahi kumwona akishikiliwa na mtu. Siku hiyo alishikiliwa na wawili. Mguu ulikuwa umezungushiwa kanga.

Ninyi mnajua adabu ya ukweni ilivyo. Mimi na yule mzee tulikuwa tukisalimiana tukitazama pembeni. Kumshika mguu, kumfungua kanga, kumkunjia mkono nimchome sindano, hayo nisingeyaweza, na yeye asingeyataka. Nikamwomba nesi amtoe damu. Mimi nikakaa nyuma ya mlango wa maabara mpaka chupa ikaletwa. Nikaipima kwa uangalifu wote, nikaisoma mara mbili. Ilikuwa chini ya mstari wangu mwekundu. Nikaandika: kawaida.

Daktari Tumaini akaja mwenyewe na lile jibu mkononi. "Kidole kile kinafanana na cha gauti kabisa, Bwana Shabani. Kwa kikaratasi cha zamani ningesema ndiyo. Una hakika?"

"Daktari, mstari huu umetokana na watu wa hapa hapa."

"Wewe kidole umekiona?"

"Ni mkwe wangu," nikamjibu.

Hakuelewa jibu hilo linahusiana nini na swali, ila foleni ilikuwa ndefu. Akampa mzee vidonge vya maumivu na kumwambia vipimo havijaonyesha kitu.

Neno hilo Mzee Mbonde alirudi nalo Mbwara akalitafuna. Kama hospitali, tena kwa mkwe wake mwenyewe, hawajaona ugonjwa, basi hiki si cha hospitali. Amewekewa. Na nani anapita kila siku kwenye njia ya shamba lake? Ni mdogo wake, Bakari, ambaye mwaka uliotangulia walibishana juu ya mpaka. Bakari alipokuja kumjulia hali, mzee akamfukuza uani. Ufuta ukawa tayari kukatwa. Bakari akatuma watu waje wamkatie kaka yake, mzee akawarudisha. Ninyi mliokulia ufutani mnajua ukiuchelewesha maganda hupasuka yenyewe. Ule wa Mzee Mbonde ulimwagika wote ardhini, ukaliwa na ndege na sisimizi.

Baadaye binti ya Bakari akaolewa. Mzee ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye aliyepaswa kukaa mbele siku ile. Hakwenda. Alikaa barazani kwake, mguu juu ya kinu kilicholazwa, akasikia nikaha yote kwenye spika, maana nyumba zao hazifiki hata mita mia. Walimletea sinia ya pilau, akairudisha imefunikwa vilevile.

Mke wangu Hadija alikwenda harusini. Aliporudi hakuvua hata buibui. Akasimama mbele yangu.

"Baba anawaambia watu karatasi yako ndiyo ushahidi wake," akasema. "Anasema Shabani amesoma damu yangu, hana sababu ya kunidanganya."

Nilimjibu kwamba kipimo ni kipimo. Nakumbuka hata kidevu nilivyokiinua.

Bi Siwema akarudi kutoka Ikwiriri wiki mbili baadaye. Aliweka mkoba, akavaa miwani, akaisoma karatasi yangu ukutani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Damu hizi ulizichukua lini?"

"Ramadhani, mama."

"Saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

Akavuta kiti akakaa. "Mtu amekunywa maji alfajiri, akalima juani, umemchoma alasiri. Damu yake imepungua maji, asidi imepanda. Si ndiyo nikakwambia usubiri Mfungo Mosi?"

"Nilidhani unahofia saumu zao."

"Saumu zao anazijua Mungu wao. Mimi nilihofia maji." Akanyoosha mkono. "Lete buku."

Akalifungua, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Huyu namba moja aliyepita wote ni nani?"

"Ni mimi."

"Unakunywa dawa gani ya presha?"

"Ya kukojoza."

"Dawa hiyo hupandisha hiki unachokipima, na wewe unajua. Na wale kamba wa delta?"

"Wale niliwala kwa ajili ya kazi, mama."

Hakucheka. Akachukua kalamu nyekundu, ile ile niliyopigia mstari wangu, akanikata. Pembeni akaandika: huyu mgonjwa. Ukurasa huo bado upo kwenye kabati la chini, nendeni mkauone.

Nikamweleza habari za Mzee Mbonde. Nilianza kwa sauti ya kikazi, na nilipofika kwenye sinia ya pilau nilikuwa naongea na sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile swali la daktari.

"Kidole umekiona?"

"Sijakiona."

"Basi umesoma karatasi ukauacha mguu. Hata jibu lingekuwa chini, kidole chenyewe kina maneno yake. Nenda Mbwara."

"Tukishatengeneza kiwango kipya—"

"Nenda leo, baba."

Nilibandua karatasi yangu, nikaikunja mfukoni, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilitunga hotuba yenye maneno kama sampuli na kiwango. Nilimkuta mzee barazani. Nikamtuma mjukuu amwite Mzee Bakari, na Bakari akaja akasimama kwenye uzio, hakuingia, kwa sababu alikuwa amekatazwa.

Hotuba ikanitoka kichwani yote. Nikasema, "Baba, nimekuja kusema kosa langu. Mguu wako ni mgonjwa. Ulikuwa mgonjwa siku ile ile. Mimi ndiye niliyeandika uongo, nilipima watu vibaya nikatengeneza kawaida ya uongo. Hakuna mtu aliyekuwekea kitu."

Aligeuza shingo akatazama kwenye uzio. Kisha akauliza, "Unamkinga Bakari?"

"Simkingi. Naomba nikuone mguu."

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake nadhani. Nikapiga magoti kwenye kile kibaraza, nikafungua kanga. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimevimba, ngozi inang'aa. Nilikigusa kwa ncha ya kidole tu, na yule mzee ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu akauma kanzu yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua ni nini. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Ni gauti, baba. Ina dawa. Kesho daktari atakuona tena."

"Na ile karatasi?"

Nikaitoa mfukoni, nikaichana mbele yake vipande vinne. Akavitazama vile vipande.

"Nikaha ya mtoto imesomwa," akasema, "na mimi nimekaa hapa nasikiliza spika."

Hakuwa anasema na mimi. Bakari alijibu kutoka kwenye uzio, "Kiti chako kilikaa wazi, kaka. Hatukumkalisha mtu."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. "Ingia," akasema. "Njoo unishike, huyu mkwe hajui kuinua mguu."

Kweli sikujua. Bakari ndiye aliyenionyesha, mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine chini ya shavu la mguu, polepole.

Kiwango tulikirudia Mfungo Nne, mimi na Bi Siwema: asubuhi, watu wamelala wakiwa wamekunywa maji yao, wanaume ukurasa wao na wanawake wao, na majibu yaliyokaa pembeni mno hayakuachiwa yavute mstari. Mstari mpya ukatua chini sana ya ule wangu, na juu kidogo tu ya ule wa kikaratasi cha kwenye boksi. Zahama yote ile kwa ajili ya kidogo hicho. Ndiyo karatasi mnayoitumia. Jina langu liko chini ya la Bi Siwema, kwa herufi ndogo, nami nililiomba liwe hivyo.

Mzee Mbonde alivuna ufuta misimu kadhaa baada ya hapo. Alipofariki, Bakari ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na nilimwona jinsi alivyoshika miguu.

Mwezi uliopita kidole changu nacho kikaanza. Namba moja amefikiwa. Damu mlinitoa ninyi wenyewe, mkaniandikia "juu", na hakuna aliyethubutu kutabasamu, kama wale watu wa delta. Niliporudi nyumbani nilimkuta mume wa binti yangu amekuja kunijulia hali. Alisimama mlangoni, kijana mwenye adabu zake, akasalimia huku anatazama dari.

Nikamwambia, "Mwanangu, ingia. Shika mguu huu, uuangalie."

Akasita, akavua kofia, akapiga magoti. Nikamwonyesha pa kuweka mikono.